Kambwa Kako Hakana Tabia Mbaya, Ni Wewe Huna Ratiba

Wiki iliyopita jirani yangu wa orofa ya pili alitupa mbwa wake. Kalikuwa ka Maltese, miezi mitano hivi, manyoya meupe. Kalipoletwa, watoto wa ploti yote walikuwa wanapiga foleni wakashike. Sasa kamebebwa ndani ya mfuko kama taka na kuachwa kando ya reli, huko nyuma ya wauza mitumba. Nilipomuuliza jamaa kwa nini, alinijibu bila hata kuniangalia: "Kananikojolea kapeti kila siku. Nimekachapa mpaka nimechoka."

Usiku huo nilishuka na tochi ya simu kukatafuta. Sikukapata.

Nimekaa na hilo jibu lake siku kadhaa, na wasee, maoni yangu ni haya, mkasirike mkitaka: ukimchapa mtoto wa mbwa kwa sababu amekojoa ndani ya nyumba, mwenye hajafundishwa hapo ni wewe.

Na siongei kama malaika. Hata mimi nilikuwa huyo jamaa.

Mwaka jana nilinunua Ugali kando ya barabara, kwa msee alikuwa amesimama na watoto wawili wa mbwa mikononi wakati magari yamekwama kwa jamu. Elfu saba. Niliambiwa ni Japanese Spitz, ana miezi mitatu, na "ameshafundishwa choo, boss, hata usijali." Daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akaangalia meno, akaniambia huyu ana wiki nane. Kuhusu hiyo Japanese Spitz alitabasamu tu.

Tena wacha niseme ukweli wote: nilimnunulia kamera. Mbwa mdogo mweupe analeta watazamaji, na video ya siku ya kwanza ilifanya vizuri kuliko kitu chochote nilikuwa nimewahi kuposti. Kile hamkuona ni kwamba kufikia jioni alikuwa amekojoa mara tano ndani ya bedsita, mara moja juu ya blanketi yangu.

Nikafanya kile nilijua. Nilimshika shingo, nikamsukuma pua kwa kojo, nikampiga na gazeti lililokunjwa. Kila siku, wiki mbili. Na kweli Ugali alijifunza kitu. Alijifunza kwamba kukojoa mbele yangu ni hatari. Akaanza kungoja niangalie simu, anaenda nyuma ya mtungi wa gesi, anamaliza huko. Hata nikimtoa nje anakaza, ananiangalia, anatetemeka. Tukirudi ndani, nyuma ya mtungi. Nilikuwa nimemfundisha kabisa, ila nilimfundisha kunificha.

Mbwa anaunganisha adhabu na kile kinatendeka sekunde hiyo. Ukirudi nyumbani saa mbili usiku, upate kojo la saa nne asubuhi, halafu umchape, yeye anajifunza kwamba wewe kuingia kwa mlango ni shida. Na usiniambie "lakini anajua amekosea, angalia vile anainamisha masikio." Mwaka wa 2009 mtafiti wa New York anaitwa Alexandra Horowitz alichapisha jaribio kuhusu hiyo sura ya hatia. Mbwa waliambiwa wasile kitu, mwenyewe akatoka chumbani, halafu akarudi. Ile sura ilitokea zaidi wakati mwenyewe aligomba, hata kama mbwa hakuwa amekula chochote. Yaani mbwa anasoma uso wako, anaogopa, na wewe unasoma woga wake unaita kukiri makosa.

Hii kitu haikuanza na mbwa. Sisi tumelelewa hivyo. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka wa 2001, kabla mimi sijazaliwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia hilo waziwazi. Bado nilichapwa darasa la nne mpaka la nane, na kile nilijifunza vizuri zaidi ni kujua mwalimu ako upande gani. Watu wazima hupenda kutuambia samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini hiyo methali inasema mkunje. Sijawahi kusikia mtu anakunja samaki kwa kumpiga.

Sasa, nini kilifanya kazi? Mimi niko Githurai 45, orofa ya nne, balkoni ya kuanika suruali mbili. Sina nyasi. Kama iliwezekana hapa, kwako pia itawezekana.

Kwanza ilibidi nielewe mwili wake. Kuna hesabu ya haraka: chukua miezi ya mbwa, ongeza moja, hizo ndizo saa nyingi zaidi anaweza kushikilia. Miezi miwili, saa tatu, na hapo tunaongea juu ya mbwa ambaye ametulia. Mbwa wa aina ndogo wana kibofu kidogo na wanahitaji kula mara nyingi, tatu au nne kwa siku wakiwa wachanga, kwa hivyo saa mbili ndiyo salama. Akiamka, anakojoa. Akimaliza kucheza, anakojoa. Akishakula, dakika chache hadi nusu saa, anataka choo. Nikaweka alamu kila saa mbili mchana, halafu saa saba usiku na saa kumi alfajiri.

Choo chenyewe kilikuwa beseni pana nililokata ukingo upande mmoja ili aingie, nikalijaza maranda kutoka kwa fundi wa vitanda hapa chini. Likakaa balkoni, mahali pamoja, bila kuhamahama. Sikumshusha chini wakati huo, kwa sababu virusi vya parvo vinaweza kukaa kwa udongo miezi mingi, na hapa nje mbwa wa kila aina wanapita. Chanjo za watoto wa mbwa hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wafike karibu wiki kumi na sita. Kabla ya hapo, kumtembeza uchochoroni ni kucheza kamari na maisha yake.

Nikimweka kwa beseni ninasema neno moja: "susu." Lile lile mathe alikuwa ananiambia nikiwa mdogo. Akimaliza, hapo hapo, kabla hajatoka, anapata kipande cha mapafu ya kuchemsha, kidogo kama punje ya hindi. Buchari wanauza mapafu bei ya chini, huhitaji biskuti za supamaketi. Lakini hizo sekunde mbili ni muhimu. Ukingoja mpaka arudi ndani ndiyo umpe, umemlipa kwa kurudi ndani.

Usiku alilala kwa boksi lenye nafasi ya kugeuka na kujinyoosha tu, kwa sababu mbwa hapendi kuchafua mahali analala. Akianza kulia, hiyo ni ripoti, amka. Onyo moja: kama alilelewa kwa kizimba kichafu, hiyo aibu huenda ameshaipoteza, na hapo utahitaji subira zaidi.

Akikosea mbele yangu, ninapiga makofi mara moja kumshtua kidogo, namchukua, namalizia naye kwa beseni. Nikipata kojo limeshakauka, nakunja mdomo na kuchukua kitambaa. Na jamani, acheni kumwaga Jik juu ya kojo. Kojo lina amonia, na hiyo mchanganyiko inatoa moshi mbaya kwa kifua chako na chake. Sabuni na maji kwanza, halafu siki nyeupe ukiwa nayo. Harufu isipotoka kabisa, yeye bado anaisikia hata kama wewe huisikii, na kwake harufu ni kama kibao kimeandikwa CHOO.

Chanjo zilipoisha nilibeba maranda kiasi yenye harufu yake, nikaimwaga kwa kile kipande cha ardhi nyuma ya ploti. Alinusa, akazunguka mara tatu, akakojoa. Nilishangilia mpaka keateka akatoka kuangalia ni nini.

Ilinichukua miezi minne yote. Siku za kurudi nyuma zilikuwa nyingi, na siku ambazo maji hayakuja nilitamani kulia. Ila kuna mtego mmoja wa mbwa wadogo ambao nimeuona kwa watu wengi: kojo lao ni dogo, kwa hivyo tunalipuuza. Mbwa mkubwa akikojoa sebuleni unaona mto umepita, unachukua hatua. Huyu mdogo anaacha kidoa, unakifuta na soksi, unaendelea na simu. Miezi inapita, inakuwa tabia, halafu siku moja unakasirika kana kwamba ameanza leo.

Najua mtaniambia nini. Wa kwanza watasema mbwa ni wa nje. Nyanya yangu Murang'a anasema hivyo, na kwake ni kweli: ana boma, ana geti, mbwa wake analala karibu na zizi na anajua kazi yake. Mimi sina boma. Kama mbwa ni wa nje na wewe huna nje, basi usinunue. Hiyo hoja ninaikubali kabisa, ila inakuja kabla ya kununua. Haiji miezi mitano baadaye kando ya reli.

Wengine watasema watu wana njaa na wewe unapikia mbwa mapafu. Haya. Lakini kofi ni bure na alamu ya simu pia ni bure, kwa hivyo hapa hatubishani kuhusu pesa.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya majirani. Mama wa mlango unaofuata ni Muislamu, na mate ya mbwa yakimgusa au kugusa nguo zake lazima asafishe kabla ya swala. Hakuniomba nifuge mbwa. Kwa hivyo kwa ngazi Ugali anabebwa, hatembei, na kinyesi chake kinaingia kwa mfuko, hakibaki pale watoto wanachezea kati. Mwenye ploti aliniambia akisikia lalamiko moja tu, natafuta keja kwingine. Nilikasirika kidogo, halafu nikaona ako sawa. Kufundisha mbwa choo kwa flati ni heshima ya watu wengine kabla iwe starehe yako.

Sasa turudi kwa jamaa wa orofa ya pili, kwa sababu sitaki mfikirie ni mtu mbaya. Anafanya kazi upande wa Industrial Area. Anatoka saa kumi na moja asubuhi kabla Thika Road ijae, anarudi saa mbili usiku. Hizo ni saa kumi na tano. Kambwa ka miezi mitano kwa ile hesabu kanaweza kushikilia saa sita. Kwa hivyo kila siku, kabla hata hajafika kazini na kuanza kuchoka, ilikuwa imeshaamuliwa kwamba atachapa mtu jioni. Githurai ni mtaa wa watu wanaoamkia barabara na kurudia kitanda. Ukiishi hivyo peke yako, mtoto wa mbwa hakufai, na hiyo siyo dhambi. Tafuta mbwa mzima ambaye ameshajua, au mlee na mtu anayeshinda nyumbani, au ungoje.

Na kama imeshakushinda, KSPCA wako Karen. Ni mbali, ni matatu mbili na nauli, lakini kuna mlango wa kugonga. Pia ujue kumpiga mnyama kikatili ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hata kama hapa mtaani hatujawahi kuona mtu ameshikwa kwa sababu ya gazeti.

Kwa wale mnaniandikia kila siku "nitapata wapi kama Ugali," nina mtihani. Kabla ya kutuma pesa kwa mtu yeyote, weka alamu kila saa mbili kwa wiki moja. Zile za usiku pia. Ikilia, amka, vaa viatu, shuka ngazi mpaka chini, simama dakika tano bila kushika simu, upande tena. Mvua ikinyesha, shuka. Ukiwa na hasira, shuka, na ukifika chini uongee kwa sauti ya upole.

Ukimaliza siku saba, njoo kwa komenti, nitakusaidia kutafuta. Ukizima alamu siku ya pili usione aibu, utakuwa umeokoa mbwa mmoja.

Mimi usiku bado naamka saa kumi, ingawa Ugali sasa analala mpaka asubuhi. Nikiamka huwa natoka balkoni kidogo, naangalia upande wa reli.