Acheni Kuitukana Kompaila

Wiki jana rafiki yangu alifika kwangu hapa Kiuu na laptop chini ya koti, maana mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kutoka steji ya Githurai 45 ilikuwa matope matupu. Hata salamu hakumaliza. Alifungua mashine, akanigeuzia kioo, akasema, "Hebu ona huu upuzi." Kompaila ya Go ilikuwa imekataa kazi yake ya wiki tatu kwa mstari mmoja tu: moduli zako zinategemeana kwa mzunguko, na mzunguko hauruhusiwi.

Anaandika programu ya chama cha akina mama wa sokoni, wanaoweka akiba kila Jumatano na kukopeshana. Alikuwa na moduli mbili. Ya kwanza, mwanachama: ni nani, ameweka pesa ngapi, anaweza kuzitoa lini. Ya pili, mkopo: nani anadaiwa, nani alimdhamini, imebaki ngapi. Sasa, mwanachama inaiuliza mkopo, kwa sababu mwenye deni haruhusiwi kutoa akiba. Mkopo nayo inaiuliza mwanachama, kwa sababu mdhamini lazima awe na akiba ya kutosha. Kompaila ya Go hujenga moduli baada ya kumaliza zile ambazo moduli hiyo inazitegemea. Hapa ingeanza na ipi?

Rafiki yangu alikuwa na jibu: lugha ni mbovu. Ati Java ingekubali. Ni kweli, Java inaruhusu klasi mbili zitajane. Hata C ina njia yake, unatangaza jina mapema na kuiahidi kompaila kwamba maelezo yatafuata. Lawama hii nimeisikia mara nyingi, kwenye makundi ya WhatsApp na kwa watu wenye mishahara minono kuliko ndoto zangu, na ndiyo sababu naandika. Kompaila iko sawa. Hasira yenu ni ya mtu aliyeulizwa swali alilokuwa akilikwepa.

Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson walianza kuisanifu Go pale Google mwaka 2007, na sio kwamba walikuwa na chuki na waandishi wa programu. Walikuwa wamechoka kungoja. Mwaka 2012 Pike alieleza kuhusu programu moja kubwa ya C++ iliyopimwa 2007: faili elfu mbili hivi, jumla megabaiti 4.2. Kila faili ilipoita nyingine, nayo ikaita nyingine, kompaila ikajikuta inasomeshwa zaidi ya gigabaiti 8. Karibu mara elfu mbili! Go ikakata mzizi huo, na kukataza mizunguko ni sehemu ya dawa. Pike mwenyewe alikiri kwamba katazo hilo huudhi wakati mwingine. Sawa, liudhi.

Kinachoniudhi mimi ni tiba za uongo. Rafiki yangu alitaka kufungua moduli ya tatu aiite "pamoja", atupe humo kila kitu ambacho kina wenyewe wawili. Mzunguko ungekwisha, ndiyo, na baada ya miezi sita "pamoja" ingekuwa kama lile sanduku la chini ya kitanda cha nyanya, lenye chaja za simu zilizokufa na kadi ya kliniki ya 1998. Kila moduli ingeitegemea na hakuna ambaye angethubutu kuigusa. Tiba nyingine ni kuficha mzunguko nyuma ya intafesi. Intafesi ni kitu kizuri ikiwa ahadi yake ni fupi: nipe chochote kinachoweza kuniambia akiba ni ngapi, basi. Lakini ukiandika ahadi kumi na mbili zinazorudia moduli nzima ya mwanachama, hapo umeidanganya kompaila tu. Programu ikianza kukimbia, moduli zako bado zinashikana mashati.

Nikamuuliza: mkopo inataka kujua nini hasa kuhusu mwanachama? Jina la mumewe? Namba ya simu? Akafikiri. Akiba tu, akasema. Na wale akina mama wanaandika wapi akiba? Kwenye daftari lake. Mikopo ina daftari lingine. Mweka hazina wao akitaka kujua kama mdhamini anatosha, anafungua daftari la akiba, hafungui maisha ya mtu. Kumbe watu wa sokoni walishatatua jambo hili kwa kalamu ya Bic kabla sisi hatujafungua laptop. Akiba ni moduli yake, haimwulizi yeyote. Mkopo inaiuliza akiba. Mwanachama inaziuliza zote mbili. Hakuna anayerudi alikotoka.

Na kama vitu viwili kweli haviwezi kutengana hata ukivikata hivi na hivi, basi ni kitu kimoja. Viweke kwenye pakeji moja, faili zake zitatajana zitakavyo, Go haina shida na hilo.

Mtasema napigia kelele jambo dogo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya mzunguko. Ofisi ya mitihani haikutoa matokeo kwa mwenye deni la karo. Wafadhili wa karo hawakutoa pesa bila kuona matokeo. Kila mmoja kwenye dirisha lake alikuwa na haki na alikuwa na adabu. Nilizungushwa miezi minne, bahasha mkononi. Wafadhili walihitaji kujua kitu kimoja tu: huyu kijana anapita au hapiti? Barua ya mstari mmoja kutoka idarani ingetosha, bila karatasi ya alama. Nilipoiomba niliambiwa mfumo hauruhusu. Mfumo uliruhusu mzunguko, barua ndiyo haukuruhusu. Kompaila ingewakatalia wote wawili siku ya kwanza. Kwa binadamu, mzunguko hukubaliwa na anayelipia ni yule anayetembea.

Msiniambie haiwezekani kuukata. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya walitakiwa kuambatanisha vyeti kwenye barua ya kuomba kazi, pamoja na kile cha polisi cha shilingi 1,050, yaani utafute pesa za kutafuta kazi ya kukupa pesa. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ikarekebishwa: mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe na nia ya kukuandikia mkataba. Mtu alikaa chini akauliza nani anahitaji nini, na lini. Matangazo ya kazi yanayovidai mapema bado nayaona, lakini hayo ni ya kushtaki, sio ya kuzoea.

Rafiki yangu alihamisha akiba mpaka saa nne usiku, mara mbili stima ikipotea. Programu ikajengeka. Kisha akaniuliza faini za kuchelewa ziende wapi, kwenye mkopo au kwenye akiba. Nikamwambia Jumatano aende sokoni amuulize mweka hazina anaziandika daftari gani.