Platini hazina kosa

Kuna ndugu mwandishi anayetushauri sisi wenye magari ya zamani tung'oe platini, zile swichi ndogo za ndani ya deliko zinazokata umeme wa cheche, tufunge kiwashio cha elektroniki, kisha tulale usingizi. Mimi niko Kinama, Bujumbura, na nashuku kama amewahi kuinamia deliko.

Angeanza na mafuta. Petroli ikiadimika Bujumbura, gari hukaa wiki mbili tatu bila kuguswa, na unyevu wa Tanganyika hauna likizo. Nyuso za platini hushika utando mwembamba, umeme haupiti. Juzi jirani yangu aliisukuma Volkswagen yake ya mgongo wa kobe mpaka jasho likamtiririka. Nikafungua kifuniko, nikapitisha kipande cha kadi safi katikati ya platini mara mbili, kikatoka cheusi. Ikawaka. Gharama yake ni kadi ya mwaliko wa harusi iliyokwisha pita.

Eti platini "zinaungua kila mara." Basi atazame kondensa! Ikifa, cheche kali huruka kwenye platini na ile ya kwenye buji hudhoofika. Utabadilisha platini hadi uchoke. Au nafasi haikupimwa: Volkswagen hiyo inataka milimita 0.4, kwa geji, si kwa jicho. Tena ukigusa nafasi umegusa na taimingi, jambo ambalo mafundi wengi (wa Buyenzi wanisamehe) hulisahau.

Namkubalia moja: injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini hufunguka mara 6,000. Zinachoka, kweli, lakini zinachoka huku zikitoa taarifa. Kisanduku cha kiwashio chake cha elektroniki kinakufa ghafla, na sijamwona fundi hapa Kinama anayekifungua.