"Presha Ilishuka" Si Jibu

Wasee wa Voi, tuambiane ukweli. Kila tukitoka matangani stori ni ile ile: "Alipasuliwa kifua, presha ikashuka, akaenda." Halafu mzee mmoja anatikisa kichwa: "Ni ile dawa ya usingizi." Basi. Imeisha hivyo.

Mimi nimekataa. Tulimzika jirani yetu pande za Mwatate, ajali ya boda, na familia iliambiwa hayo maneno mawili tu. Ilishuka kwa nini? Hakuna aliyeuliza, hata mimi. Bado inaniuma.

Presha kushuka ni moshi. Moto uko wapi? Kifua kikipasuliwa, inaweza kuwa damu: mtu mzima ana kama lita 5, na upande mmoja wa kifua unaweza kuficha zaidi ya lita nzima. Inaweza kuwa hewa imenaswa upande wa pili, inabana moyo. Inaweza kuwa mkono wa daktari umeegemea moyo, ama mashine inasukuma hewa kwa nguvu mno. Na ndiyo, inaweza kuwa dawa ya usingizi imelegeza mishipa.

Kila moja na tiba yake. Damu inarudishwa. Hewa inatolewa. Mkono unaondolewa. Mashine na dawa zinapunguzwa. Ukikosea, unamwongezea maji mtu ambaye moyo wake umebanwa na hewa, na dakika zinayoyoma.

Anayesoma huo moshi ni mtaalamu wa nusukaputi, yule unayedhani anadunga sindano kisha anakaa. Shirikisho lao la dunia linasema angalau madaktari 5 wa kazi hiyo kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2019 ilihesabu Taita Taveta watu zaidi ya 340,000. Piga hesabu: 17. Sasa muulize MCA wako tunao wangapi.

Mtasema kaunti haina pesa. Sawa, lakini barabara ya Mombasa-Nairobi inapita mlangoni petu na malori hayangoji bajeti.

Kwa hivyo kikao cha bajeti kikiitishwa, tusiende kunywa soda tu. Nenda utoe damu pia, hiyo haihitaji MCA. Na siku ukiambiwa "presha ilishuka", uliza kwa heshima, lakini uliza: ilishushwa na nini?