Ngiri ya Kando ya Tundu: Mgonjwa Aelezwe kwa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mgonjwa aliyefunguliwa tundu tumboni ili haja kubwa itokee hapo, methali hii ina uzito wa pekee. Misuli iliyopasuliwa kupitishia utumbo hulegea, na aghalabu sehemu nyingine ya utumbo hujipenyeza kando ya tundu na kufanya uvimbe. Hiyo ndiyo ngiri ya kando ya tundu.

Si kila ngiri ya aina hii huhitaji kisu. Wengi hutulizwa kwa mkanda wa tumbo. Hata hivyo, utumbo ukibanwa au ukiziba, upasuaji hauna budi kufanywa upesi. Penye maumivu ya muda mrefu, au mfuko wa choo usioshika vyema, mgonjwa hupata nafasi ya kuchagua. Kushona misuli kwa uzi pekee ni njia nyepesi, lakini ngiri hurudi kwa wengi. Kulihamisha tundu huanzisha hatari ile ile mahali papya. Kuimarisha ukuta wa tumbo kwa wavu, mathalani kwa mbinu aliyoieleza Paul Sugarbaker wa Marekani mnamo 1985, hupunguza marudio, ingawa wavu nao waweza kupata maambukizi.

Je, mgonjwa atachaguaje asichokielewa? Masikioni mwa wengi, ngiri ni maradhi ya wanaume, tena ya kinenani. Mama akiambiwa ana ngiri tumboni, hudhani daktari amekosea. Ilhali Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inaagiza mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo na hatari zake kwa lugha anayoielewa.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Dai hili halina mashiko. Utumbo, misuli, tundu, wavu na mkanda ni maneno ya kila siku. Kinachokosekana ni wanaisimu na madaktari kuketi jamvi moja. Vyama vya Kiswahili vyuoni na vianzie hapo: viandae fomu moja tu ya ridhaa ya upasuaji, iliyo fasaha na iliyohakikiwa na matabibu.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Na yule anayefichwa maradhi yake mwenyewe kwa lugha asiyoijua, kilio chake kitakuwa juu ya nani?