Seva za Kukodi: Duka Dogo Linalipia Nini Hasa?

Haya wadau, leo tuache siasa kidogo tuongee hela.

Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Bongo intaneti ikawa ya kubembeleza siku kadhaa. Wengi walililia WhatsApp. Walioumia kimya kimya ni wenye maduka na vijiofisi ambao stoku, risiti na oda zao zote zinakaa kwenye seva za kukodi huko nje. Mzigo upo rafuni, mteja yupo kaunta, mfumo haufunguki. Na bili inasoma kama kawaida!

Manake hii biashara, tangu Amazon waianzishe mwaka 2006, sio LUKU. Ni ile mita ya zamani: unatumia kwanza, deni linakuja mwisho wa mwezi. Tena mita inahesabu muda ambao mashine imewashwa, sio kazi iliyofanya.

Chukua mashine ya senti 2 za dola kwa saa. Mwezi una saa kama 730, hivyo ni dola 14.60. Ofisi inayofungua saa 12 kwa siku, siku 26, inahitaji saa 312 tu, dola 6.24. Zaidi ya nusu inateketea watu wamelala au wapo kanisani. Kuwasha na kuzima kunapangwa kwa ratiba, fundi yeyote anaweza. Ila ukizima, diski bado unailipia, na anuani ya IP ya kudumu pia. Amazon tangu Februari 2024 wanatoza nusu senti kwa saa kwa kila anuani ya umma ya IPv4, ambayo ni dola 3.65 hivi kwa mwezi. Kwa mashine ya dola 6 hiyo sio chenji.

Anayepokea oda usiku hawezi kuzima. Huyo aanze na mashine ndogo, aipime mwezi mzima, wiki moja kabla ya Idi au Krismasi aipandishe, kisha airudishe. Kurudisha ndiko watu wanakosahau. Na angalizo: prosesa na kumbukumbu zinapanda na kushuka, lakini diski ya Amazon ukishaipanua haipunguzwi.

Kuna mafundi wanauza seva zinazojiongeza zenyewe mzigo ukizidi. Kwa duka dogo mimi siafiki. Roboti za mtandaoni zikikuvamia usiku, mashine zinaongezeka na unalipa wewe. Ukilazimika, weka kikomo cha idadi. Ile tahadhari ya bajeti inakutumia ujumbe tu, yenyewe haikati kitu mpaka uipangie.

Halafu dola. Mwaka 2023 na 2024 shilingi yetu iliporomoka na dola zikawa adimu. Bili ni ile ile, shilingi zinazotoka ni nyingi zaidi. Punguzo la mkataba wa mwaka 1 au 3 ni kubwa kweli, lakini umejifunga kwa dola. Funga kile kiasi kidogo ambacho umeshapima kuwa hakishuki, basi.

Kuhamia Cape Town, ambako Amazon wapo tangu 2020, bei inazidi ya Ireland kwa mashine ile ile, na bado unategemea waya wa baharini. Kukodi hapa hapa nyumbani kungeokoa wengi ile Mei, ila uliza kwanza jenereta na nakala za akiba zinakaa wapi.

Wenye bei za hapa Dar, zimwageni hapo chini tulinganishe.