Mbio za baiskeli kwenye intaneti: nani anahakikisha umri wa washindi?

Katika mpira wa vijana tumezoea udanganyifu wa aina moja: mchezaji wa miaka 21 anajiandikisha kuwa ana miaka 17. Katika mbio za baiskeli zinazofanyika ndani ya nyumba kwa njia ya intaneti, udanganyifu huo umegeuka kichwa chini, miguu juu. Huko, anayetaka kushinda kwa hila anajiongezea miaka. Mtu wa miaka 44 akiandika kwamba ana 61, anawekwa pamoja na wazee, na jina lake linapanda juu ya orodha bila yeye kuongeza nguvu hata kidogo.

Wengine watasema ni mchezo tu wa watu wenye nafasi. Lakini mchezo huo sasa una taji la dunia, umewapa watu mikataba katika timu za kulipwa, na orodha zake za umri ndizo zinazowafanya wengi waliovuka miaka 40 au 50 waendelee kukanyaga pedali. Swali la nani anahakikisha umri wao si dogo tena.

Mchezo unavyoendeshwa

Mtu anafunga baiskeli yake kwenye mashine inayoshikilia gurudumu la nyuma, au inayochukua nafasi ya gurudumu hilo. Mashine inapima nguvu anayotoa, kwa wati, na kuituma kwenye kompyuta au simu. Programu kama Zwift au MyWhoosh inageuza wati hizo kuwa mwendo, na kwenye skrini anaonekana akipanda mlima pamoja na watu wa nchi nyingine. Mlima ukianza, mashine inakaza, na miguu inausikia.

Wakati wa Covid-19, barabara zilipofungwa, mchezo huu ulipanda haraka. Julai 2020 Tour de France ilikuwa na toleo lake la intaneti. Tarehe 9 Desemba mwaka huo, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, UCI, likaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya aina hii kwenye Zwift. Kwa wanaume alishinda Mjerumani Jason Osborne, aliyekuwa pia mpiga makasia. Kwa wanawake taji lilikuja Afrika: alishinda Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini, siku hiyohiyo alipotimiza miaka 35.

Miaka 35 ndiyo umri ambao michezo mingi ya baiskeli inaanza kumhesabu mtu kuwa mkongwe. Yeye alichukua taji la wote, bila kupewa kundi la umri. Lakini watu kama yeye ni wachache.

Kwa nini makundi ya umri yapo

Mwili una sheria zake. Baada ya miaka 30 hivi, uwezo wa kutumia hewa ya oksijeni unaanza kushuka. Mazoezi yanapunguza kasi ya kushuka huko, lakini hayaizuii. Mapigo ya juu kabisa ya moyo nayo yanapungua. Kumpanga mtu wa miaka 63 pamoja na kijana wa miaka 25 ni kumwambia mapema kwamba hana nafasi.

Ndiyo maana katika mashindano ya UCI ya wasio wa kulipwa, yanayofanyika barabarani, wakongwe wanagawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano: 35 hadi 39, 40 hadi 44, na kuendelea. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Mfaransa Robert Marchand. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alizunguka uwanja kwa saa moja na kufikisha kilomita 24.250. Mwaka 2014 alifikisha 26.927. Januari 2017, akiwa na miaka 105, alifikisha 22.547, na UCI ilimfungulia kundi lake: waliovuka miaka 105.

Hakuna aliyelalamika kwamba alishinda peke yake, kwa sababu mambo mawili yalikuwa wazi. Waamuzi walikuwepo uwanjani, na umri wake ulijulikana kwa hati. Kwenye intaneti, waamuzi hawapo nyumbani kwa mtu, na hati haiulizwi.

Kinachopimwa na kinachotajwa tu

Mwenye kusoma orodha hizi lazima atenganishe mambo hayo mawili. Wati zinapimwa na mashine. Uzito, urefu na tarehe ya kuzaliwa, katika mbio za kila siku, mtu anajiandikia mwenyewe.

Uzito ndio ulioanza kuleta kelele. Chukua mtu wa kilo 80 anayetoa wati 240: ana wati 3 kwa kila kilo. Akiandika kwamba ana kilo 72, programu inampa wati 3.3 kwa kila kilo, na katika mlima wa saa nzima anaokoa dakika kadhaa. Kwa hiyo, mashindano ya ngazi ya juu yaliwekewa ulinzi: mkimbiaji anajipiga video akiwa juu ya mizani, na nguvu zake zinapimwa na vifaa viwili ili vilinganishwe. Mwaka 2024 fainali ya dunia, iliyofanyika kwenye MyWhoosh, iliwakusanya washindani pamoja Abu Dhabi.

Adhabu pia zimetolewa. Oktoba 2019 shirikisho la Uingereza lilimnyang'anya Cameron Jeffers taji la taifa la mbio za intaneti, likamsimamisha miezi sita na kumtoza pauni 250. Kosa lake halikuwa dawa. Alikuwa ametumia baiskeli ya kwenye skrini yenye kasi zaidi, ambayo mchezo unaitoa kwa mtu aliyepanda milima mingi, na safari za kuipata zilikuwa zimetengenezwa na programu ya kompyuta.

Ukitazama vizuri, ulinzi wote huo unafuata taji. Mzee wa miaka 58 anayegombea nafasi ya tano katika kundi lake hapimwi na mtu.

Uongo usioacha alama

Hapa umri unatofautiana na kilo. Anayedanganya kilo anabadilisha mwendo wake, na siku moja namba zitamkataa. Anayedanganya umri habadilishi kitu barabarani. Wati ni zake, kilo ni zake, jasho ni lake. Kilichobadilika ni watu anaolinganishwa nao. Kompyuta haina cha kushuku.

Je, mapigo ya moyo hayawezi kumfichua? Hesabu ya kawaida inasema toa umri kwenye 220, kwa hiyo mtu wa miaka 60 angefika 160. Lakini hesabu hiyo ni ya wastani. Kuna wazee wazima wanaofika 175, na vijana wasiovuka 180. Haiwezi kuwa ushahidi wa kumfukuza mtu.

Katika mpira, tangu Kombe la Dunia la U17 la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA inatumia picha za MRI za kiungo cha mkono, kwa sababu mifupa ya kijana inaonyesha kama bado inakua. Kwa mtu mzima, ukuaji huo umekwisha zamani. Hakuna picha ya hospitali itakayotenganisha kwa uhakika mwenye miaka 46 na mwenye 51. Kinachobaki ni karatasi.

Karatasi, na wasio na karatasi

Suluhisho rahisi linalotajwa ni kumtaka kila mtu atume kitambulisho. Kwa Mfaransa ama Mbelgiji hilo ni kazi ya dakika mbili. Kwa msomaji wa Bukavu, Butembo au Kalemie si hivyo. Wengi walizaliwa wakati wa vita ama wakati wa kukimbia, na cheti cha kuzaliwa hakijawahi kuandikwa. Kitambulisho walicho nacho ni kadi ya mpiga kura, na tarehe iliyomo mara nyingi ni ile ambayo mwenyewe aliitaja. Sheria inayotegemea karatasi peke yake itamwacha nje mtu mkweli asiye na hati, na kumpokea mwongo mwenye hati nzuri.

Kwa sasa kizuizi kikubwa zaidi kwetu ni kingine. Mashine nzuri inauzwa mamia ya dola. Zwift inalipisha dola 19.99 kila mwezi tangu 2024. MyWhoosh ni ya bure, lakini nayo inataka umeme usiokatika na mega za kutosha. Kwa hiyo mtu anaposoma kwamba fulani ni wa kwanza duniani katika kundi la miaka 50, aelewe kuwa ni wa kwanza kati ya walioweza kuingia, si kati ya wote wanaoendesha baiskeli duniani.

Lakini mlango huo unafika mbali. Mwaka 2016 Mmarekani Leah Thorvilson, aliyekuwa amevuka miaka 35, alipata mkataba katika timu ya Canyon-SRAM kupitia mashindano ya Zwift. Mwaka 2020 Mwaustralia Jay Vine, mwenye miaka 25, alipata wa kwake kwa njia hiyohiyo. Miaka miwili baadaye alishinda hatua mbili za Vuelta ya Hispania. Namba za nyumbani zikianza kufungua kazi, haki ya namba hizo inakuwa ya kila mtu.

Kinachowezekana

Hatua moja nzuri imeanza. Mwaka 2024 Zwift ilileta alama za kuanzia 0 hadi 1,000 zinazofuata pia matokeo ya mtu katika mbio, si wati kwa kilo peke yake. Anayeshinda mara kwa mara anapanda na kukutana na wenye nguvu sawa. Hilo linapunguza faida ya uongo wa kilo, lakini haligusi orodha ya umri.

Kwa umri, njia ya haki ni kuthibitisha wachache badala ya wote. Wanaoingia nafasi za kwanza za kundi ndio waulizwe, na wasio na cheti waruhusiwe kuleta uthibitisho mwingine: leseni ya shirikisho la nchi yao, shahada ya shule, matokeo ya zamani ya mashindano. Tarehe kamili ya kuzaliwa isiwekwe hadharani, kundi linatosha. Na orodha iseme wazi nani amethibitishwa na nani bado, pamoja na idadi ya watu katika kundi, kwa maana wa kwanza kati ya watatu si sawa na wa arobaini kati ya elfu mbili.

Mpaka hapo, orodha za umri zitabaki kuwa ahadi ya mtu kwa wenzake. Wengi wanaiheshimu. Lakini mzee aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kwa mwaka mzima ana haki ya kujua kwamba aliyemshinda ni mzee kweli.