Majini Hawachomi Chokaa

Ndugu msomaji, mimi si adui wa hadithi. Nimelelewa na visa vya majitu na mizimu, na hata leo, usiku wa kiza, sipiti chini ya mbuyu bila kutia bismillahi. Lakini iko hadithi moja nisiyoisamehe: ile isemayo kwamba mji wa kale wa Gedi, karibu na Watamu, ulijengwa na majitu, ukahamwa kwa siri isiyofumbulika, na sasa unakaliwa na majini.

Niliisikia mara ya kwanza utotoni, nilipopelekwa huko na mjomba wangu, fundi mwashi. Mtembezaji alinong'ona, wageni wakasisimka. Mjomba hakusisimka. Aliupapasa ukuta kama mtu anayemsabahi mwenziwe, akaniambia: "Mjomba, tazama hapa. Huyu alikuwa na mwiko, tena alikuwa na haraka. Majini hawachomi chokaa."

Sina hoja nyingine zaidi ya hiyo. Kuta za Gedi ni za matumbawe na chokaa. Chokaa haiji kwa uganga: lazima mtu avunje matumbawe, akate kuni, apange tanuu, achome, angoje. Mji ule ulizungushiwa ukuta. Una msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, na majumba yenye vyoo. Kaburi mojawapo lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Majitu huandika tarehe? Mizimu huenda chooni?

James Kirkman, aliyeanza kufukua huko mwaka 1948, aliandika kwamba alihisi kana kwamba anatazamwa. Hata hivyo aliendelea kuchimba, akapata kaure za Uchina, shanga, na mikasi iliyoipa nyumba moja jina lake. Kuhusu kuhamwa kwa mji katika karne ya 17, wataalamu hutaja mashambulizi na kupungua kwa maji ya visima. Hayo ni mambo ya kibinadamu.

Wengine hushikilia kwamba Wareno waliokuwa Malindi karne ya 16 hawakuutaja mji huu. Basi mgeni akinyamaza, sisi tumekuwa siri?

Utaniuliza, hadithi hii ina ubaya gani, maadamu inavuta watalii? Nitakujibu kwa mfano wa mbali. Mwaka 1871 Karl Mauch alifika kwenye kuta za mawe za Zimbabwe Kuu, akazihusisha na Malkia wa Sheba. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alithibitisha kwamba ni kazi ya Waafrika. Lakini utawala wa walowezi wa Rhodesia ulizidi kupendelea "fumbo", kwa kuwa fumbo lilimnyima mwenyeji urithi wake. Wao walitunyang'anya kwa makusudi. Sisi twajinyang'anya kwa kunong'ona.

Sisemi tufute masimulizi. Fumo Liyongo alikuwa jitu, na aendelee kuwa jitu. Kisa chake hakimpokonyi mtu jasho lake. Lakini ukimwambia mtoto wa pwani kwamba Gedi ni kazi ya majini, umemfundisha kwamba babu zake hawakuweza kujenga. Naye atakuwa mtu mzima akiamini kwamba kila kilicho kikubwa huletwa na wengine.

Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza Gedi katika Urithi wa Dunia. Nimefurahi, ila ningefurahi zaidi kama mtembezaji wa kesho angeacha kunong'ona, akawaambia wageni kwa sauti kamili: hapa walifanya kazi wachoma chokaa, wachimba visima na wapiga lipu, watu wa pwani hii. Majina yao hatuyajui. Jasho lao tunaligusa kwa viganja vyetu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.